SIDII IKIKWAMA KWENYE DRAIVU: NAMNA YA KUITOA SALAMA

 

Mhariri alipotangaza kwenye gwaride kwamba makala za mwaka huu ziwe za "maarifa yatakayomfaa mwanafunzi", wenzangu wengi walikimbilia mazingira na dawa za kulevya. Hayo ni mambo mazito na sina ugomvi nayo. Mimi nimechagua jambo dogo ambalo limewatoa watu jasho katika maabara yetu ya kompyuta, nalo ni sidii kuingia ndani ya draivu kisha ikakataa katakata kutoka.

Najua kuna atakayeguna aulize, "Kwani siku hizi nani bado anatumia sidii?" Ni swali la haki. Kompyuta nyingi mpya, hasa zile za kupakata, hazina draivu kabisa, na flashi imechukua kazi hiyo. Lakini tusidanganyane. Mashine za maabara yetu ni zile za mezani zenye umri wa kaka zetu, na kila moja ina draivu kifuani. Tena wale wanaosoma somo la Kompyuta wanajua kwamba katika karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE, yaani 451/2, maagizo ambayo tumekuwa tukiyaona kwenye karatasi za miaka iliyopita yanamtaka mtahiniwa aandike jina na nambari yake kwenye sidii au kihifadhi kingine atakachopewa, ahifadhi majibu yote humo, kisha akikabidhi pamoja na makaratasi aliyochapisha. Karatasi hiyo ni ya saa mbili na nusu. Hebu jiweke mahali pa mtahiniwa ambaye saa mbili na nusu zake zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma lisilotaka kufunguka!

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno. Vitabu vingine huita draivu "kiendeshi", na kile kibao kinachotoka nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu wangekiita "sinia". Mimi nitasema draivu na trei kwa sababu ndivyo tunavyosema tukiwa maabarani. Mlezi wa chama atanisamehe.

Sasa tuingie ndani. Huwezi kutibu mgonjwa usiyejua tumbo lake limepangwaje. Sidii ni kisahani cha plastiki ngumu chenye upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1982, ikiwa ni kazi ya kampuni mbili, Philips na Sony. DVD ilipokuja mwaka wa 1996 ilipewa umbo lile lile, na ndiyo sababu zote mbili hulala kwenye trei moja bila matata. Katikati pana tundu la milimita 15. Trei ikiingia ndani, kuna kijukwaa chenye mota kinachoinuka kutoka chini na kupenya kwenye tundu hilo, na juu yake kuna kibanio cha mviringo kinachoshikwa kwa sumaku. Sidii inabanwa hapo katikati kama chapati kati ya vidole viwili, kisha inazungushwa. Jicho la leza liko kwenye kijukwaa hicho hicho, linasoma kutoka chini.

Watu wengi hufikiri kwamba ukibonyeza kitufe cha kutolea sidii umefungua mlango. La hasha! Umepiga hodi tu. Saketi ya draivu huuliza kwanza kama kompyuta imeufunga mlango kwa amri. Kama haikuufunga, draivu inasimamisha mzunguko, inakishusha kijukwaa ili sidii iachiliwe na ilale kwenye trei, halafu mota nyingine ndogo inaisukuma trei nje. Mota hiyo haigusi trei moja kwa moja. Inazungusha mkanda mwembamba wa mpira, mkanda unazungusha gia, na gia zinashika meno yaliyo chini ya trei.

Mahali pagumu kuliko pote katika safari hiyo ni pale mwanzo, wakati kijukwaa kinapovutwa chini kijinasue kutoka kwa ile sumaku. Hapo ndipo nguvu inapohitajika. Mkanda wa mpira ukizeeka, ukilegea au ukipata mafuta, unateleza hapo hapo. Utasikia mota ikilia "zzzz" na trei isitoke, au itoke unene wa ukucha kisha irudi ndani kama kobe.

Na hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolisikia mara ya kwanza. Draivu ya namna hii mara nyingi hukataa zaidi ikiwa tupu kuliko ikiwa na sidii. Kisa na maana? Sidii ikiwamo, unene wake unatenganisha sumaku na kile inachokishika. Ikiwa hamna kitu, viwili hivyo vinakaribiana zaidi na sumaku inabana kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa, "Draivu hii hufunguka ikiwa na sidii tu," usicheke. Mshuku mkanda.

Basi, sidii inapokwama, chanzo huwa kimoja kati ya hivi: mlango umefungwa kwa amri ya programu, au umeme haufiki kwenye draivu, au kuna kitu kimekatalia ndani. Kuvitofautisha si kazi ngumu ukitumia macho na masikio kabla ya mikono. Bonyeza kitufe mara moja, moja tu, usikae ukikitwanga kama pilipili kinuni, halafu usikilize. Mota ikilia lakini trei isisogee, hiyo ni shida ya mkanda au kizuizi. Ikiwa kimya kabisa lakini taa ya draivu inawaka au inametameta, huenda ni programu. Ikiwa ni kimya na giza, tazama umeme.

Bado una shaka? Kuna jaribio moja ambalo naliona ni la maana kuliko yote. Izime kompyuta kwa utaratibu, iwashe tena, na mara tu inapowaka, kabla Windows haijaanza kupakia, bonyeza kitufe cha draivu. Wakati huo hakuna programu iliyoamka ya kuufunga mlango. Trei ikitoka, draivu yako ni nzima kama kigongo na kosa lilikuwa la programu. Isipotoka, kosa ni la umeme au la mitambo, na hakuna haja ya kupoteza wakati ukifungua na kufunga madirisha kwenye skrini.

Tuseme ni programu. Funga kila kitu kinachoweza kuwa kinaisoma sidii: kicheza muziki, kicheza video, dirisha linaloonyesha yaliyomo, hata programu ya kuwinda virusi ambayo hupenda kuchungulia kila kinachoingia. Kisha fungua "My Computer", ambayo kwenye Windows za karibuni inaitwa "This PC", bofya alama ya draivu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague "Eject". Kwa wanaotumia Linux, mfumo huo huufunga mlango makusudi mradi sidii imeunganishwa kwenye mpangilio wa faili. Ukiandika amri "eject" kwenye dirisha la amri, sidii inatenganishwa kwanza kisha trei inatoka.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, ikiwa kompyuta inaiandika sidii, yaani inaichoma kama tunavyosema, usiiguse. Mlango hufungwa kwa sababu nzuri. Sidii ya kuandikwa mara moja ikikatizwa katikati huwa imeharibika, na hakuna ufutio wa kuirudisha. La pili, sidii yenye mikwaruzo huifanya draivu irudie kusoma mahali pale pale mara nyingi, na kompyuta nzima inaganda kama ugali wa jana. Hapo wengi hudhani mashine imekufa. Ipe dakika chache. Mara nyingi itakata tamaa yenyewe na kukurudishia sidii yako.

Kuhusu umeme sina mengi. Kompyuta zikihamishwahamishwa, na zetu huhamishwa kila mara maabara inapogeuzwa kuwa chumba cha mikutano ya wazazi, waya nyuma ya draivu hulegea. Kompyuta itawaka vizuri, ila draivu itakuwa kama maiti. Mwambie mwalimu. Ni kazi ya kufungua kifuniko mashine ikiwa imechomolewa ukutani, na kuusukuma waya mahali pake.

Lakini kuna siku umeme unapotea wenyewe. Muhula wa pili, watahiniwa wetu wa Kidato cha Nne walikuwa katika jaribio la karatasi ya vitendo, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja kupeleka madaftari ya darasa letu ofisini. Dada mmoja alikuwa amemaliza kuichoma sidii yake na anyooshe kidole abonyeze kitufe, kumbe stima imekwenda! Maabara ikawa kimya. "Mwalimu, sidii yangu!" alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Majibu yake yote yalikuwamo humo, na dakika zilikuwa zimebaki kidogo. Jirani yake, kwa huruma, akachomoa rula ya chuma kwenye mkebe wa jometri aanze kuibandua trei. Mwalimu akamshika mkono. "Tulia, mwanangu. Nawe, mama, usilie, imo tu humo humo." Akatoa klipu ya kushikia karatasi kwenye barua moja mezani, akainyoosha, akachuchumaa. Hata dakika mbili hazikupita kabla ya dada yule kuishika sidii yake mkononi. Tangu siku ile niliapa kuelewa vizuri kile mwalimu alichokifanya, maana kwa mbali kilionekana kama uganga.

Si uganga. Tazama uso wa draivu yoyote ya mezani. Chini ya trei utaona kijitundu kidogo ambacho hata kichwa cha kiberiti hakiingii. Usikichanganye na tundu la kuchomekea visikizi lililoko kwenye draivu za zamani. Lile ni kubwa zaidi. Kijitundu hicho kiliwekwa na watengenezaji kwa ajili ya siku kama ile. Nyuma yake kuna kipande cha mtambo kinachoshikana na zile gia. Ukikisukuma kwa klipu, unafanya kwa mkono kazi ambayo mota ingefanya: kijukwaa kinashuka, sumaku inaachilia, na trei inasogea mbele. Haihitaji umeme hata chembe.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza zima kompyuta na uchomoe plagi kwenye soketi, hata kama stima imepotea, kwa maana inaweza kurudi wakati wowote. Ngoja kama dakika moja. Sababu ya kungoja ni kwamba draivu ya kasi ya 52x inaweza kuizungusha sidii hadi karibu mara 10,000 kwa dakika, na kitu kinachozunguka hivyo hakisimami papo hapo. Nyoosha mkono mmoja wa klipu uwe sawasawa kama mshale. Uingize kwa usawa, usiuelekeze juu wala chini. Utaingia sentimita kadhaa bila shida, kisha utahisi umegonga kitu kigumu. Hapo ndipo penyewe. Sukuma kwa nguvu za wastani, bila kupiga, na utaona trei ikitokeza mbele kama upana wa kidole. Ishike kwa vidole, pande zote mbili kama unaweza, uivute taratibu bila kuipinda. Ukihisi inakataa, acha kuvuta, sukuma klipu tena.

Chombo chenyewe kina maana. Sindano ya kushonea ni nyembamba na inaweza kukatika ikabaki ndani. Kijiti cha meno ndicho kibaya kuliko vyote kwa sababu kinavunjika bila hata kutoa sauti. Pini ya kawaida ni fupi, haifiki. Klipu imara ya chuma ndiyo kipimo chake. Na rula, kisu au bisibisi ya kubandulia viachwe kabisa: vitavunja meno ya trei, na trei isiyo na meno haitoki tena hata mkanda ukiwa mpya.

Kwa kompyuta za kupakata zilizo na draivu, mambo ni tofauti kidogo. Trei yake haina mota ya kuisukuma. Imeshikwa na komeo dogo na kusukumwa na springi, kwa hiyo kitufe kinafungua komeo tu, trei inaruka kidogo, na wewe unaimalizia kwa mkono. Mtu asiyejua hilo huona trei imetoka kiasi kidogo akasema imekwama. Haijakwama, ivute! Kijitundu kiko pia, na klipu inafungua lile komeo.

Kuna na draivu zisizo na trei, zenye mwanya tu kama wa sanduku la sadaka. Kompyuta za zamani za Apple za aina ya iMac na MacBook zilikuwa nazo. Huko usitie klipu wala kisu. Ukiiwasha upya huku umekibonyeza kitufe cha kipanya bila kukiachilia, itaitema sidii. Kampuni hiyo, kwa kweli, ina historia ndefu na jambo hili. Macintosh yao ya kwanza, ya mwaka wa 1984, haikuwa na kitufe cha kutolea diski hata kidogo. Baadaye njia iliyozoeleka kwenye mashine hizo ikawa kuiburuta picha ya diski hadi kwenye picha ya pipa la taka. Watu waliogopa, na mimi ningeogopa. Nani anatupa kazi yake kwenye takataka ili airudishiwe? Lakini hata mashine hiyo ilikuwa na kijitundu cha klipu.

Tukirudi kwetu, ikiwa klipu imegonga mahali pake na trei bado haitoki, kuna kitu kimezuia. Adui mkubwa ni kibandiko cha karatasi kilichobandikwa juu ya sidii. Ndani ya draivu kuna joto, gundi inalegea, karatasi inainuka na kujikunja kwenye mtambo. Wakati mwingine mtu ameweka sidii mbili bila kujua kwamba moja ilikuwamo. Wakati mwingine sidii haikulala kwenye shimo lake, ikapanda ukingo. Tena usisahau kutazama nje: huenda draivu haikufungwa sawa, na uso wa trei unagonga fremu ya sanduku la kompyuta. Hilo utaliona kwa macho na fundi atalimaliza kwa kulegeza skrubu mbili tatu.

Kuifungua draivu yenyewe ni kazi ya mwalimu au fundi. Skrubu ni nne tu upande wa chini, jambo ambalo huwatia watu tamaa. Ila leza iliyomo si ya kuchezea. Miale ya leza ya kusomea sidii ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, ambao jicho la binadamu halioni vizuri, kwa hiyo hutajua kama inakupiga machoni. Kwa hiyo draivu iliyo wazi haiunganishwi na umeme, basi. Fundi akishafika kwenye mkanda, ataufuta na kuzifuta puli zake kwa spiriti, au ataubadilisha. Mafundi wa redio waliozoea kutengeneza kaseti wanaijua mikanda hiyo vizuri. Asije mtu akatia mafuta ya kupikia ati yalainishe. Mafuta ndiyo yanayoufanya mkanda uteleze.

Sidii ikishatoka itazame kabla ya kuirudisha kwenye mashine nyingine. Ikiwa na vumbi, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha kama unavyoosha sahani. Habari zimeandikwa kwa mstari mmoja unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje, hivyo mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta sehemu ndefu mfululizo, lakini unaokatiza unagusa kidogo tu kila mahali na draivu inaweza kujisahihishia. Na upande wa jina ndio dhaifu zaidi kwenye sidii, maana habari ziko karibu na hapo, chini ya rangi nyembamba tu. Mtahiniwa anayeandika jina lake kwa kalamu ya wino wa kawaida na kukandamiza anaweza kuichimba kazi yake mwenyewe. Andika kwa kalamu laini ya maka.

Baada ya siku ile mwalimu alifunga klipu tatu zilizonyooshwa kwa uzi kwenye msumari ulio karibu na swichi ya maabara. Tafadhalini zisiondolewe kwenda kushikia noti za Biolojia. Kompyuta ya nne kutoka dirishani nayo ingali na sidii ya mtu asiyejulikana tangu muhula wa kwanza. Klipu imeshindwa, na mota inalia bila kusogeza kitu. Fundi ameahidi kuifungua Jumatano saa kumi baada ya masomo. Sisi wa shule ya kutwa tunaweza kukaa hadi saa kumi na moja kabla ya kushika njia. Mwenye sidii yake aje aichukue.